Kilichobaki Juu ya Chekeche

Swali lenyewe ni hili, na Semeni alitembea nalo kooni kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki: kitu huwa kikubwa kwa sababu ya kile kilichokaa katikati yake, au kwa sababu ya nafasi iliyoachwa katikati bila kukaliwa na mtu? Ukimuuliza mtu wa Juu atakucheka. Atalishika kokwa lake, lile kokwa la parachichi lililokaushwa na kung'arishwa kwa mafuta ya nazi, linaloning'inia kifuani pake tangu siku aliyotoka arubaini, na atakuambia hilo ni swali la watu wa tope, watu ambao ndani yao kila kitu kimechanganyikana na kila kitu, kama uji uliomwagika. Mtu mwenye kokwa haulizi. Anaitikia tu. Wakikutana njiani wanasalimiana, kokwa salama, na mwenziwe anajibu, salama katikati, halafu wanapita kila mtu na shingo yake nzito.

Sasa mji wenyewe. Hauna jina, kwa sababu kila aliyejaribu kuuita aliitikiwa na mji mwingine. Maji ndiyo saa yake. Maji yakijaa ni asubuhi, hata kama jua limeshachoka. Yakitoka, jana inaanza upya, na watu wanarudi kufanya yale waliyokwisha kuyamaliza, bila kushangaa. Juu kwenye mawe wanakaa Wenye Makokwa. Chini kwenye mikoko, kwenye tope jeusi linalonuka kama mayai viza, wanakaa wale wanaoitwa Wadogo. Na usidhani waliitwa Wadogo kwa kimo. Udogo wao ulitoka kwenye chekeche.

Kila bamvua, maji yanapokuja kwa kishindo kuliko siku nyingine zote, mtu wa tope ambaye zamu yake imefika hulazwa juu ya Chekeche Kuu, lile la nyaya za shaba lililotandazwa pale langoni, na linatikiswa. Matundu yake ni ya upana wa bega la mtu mwenye njaa. Anayepita anaangukia kwenye beseni, anapakwa chokaa kwenye paji la uso, anaambiwa, haya, wewe ni Mdogo, kaa. Ameruhusiwa kuishi kwenye tope mpaka zamu nyingine. Asiyepita anaitwa makapi. Makapi hayaulizwi jina. Chekeche linainamishwa upande wa pili, linakung'utwa kwenye Mkondo, ule wanaosema ni shimo lisilo na mwisho, linasuguliwa kwa mchanga, na anayefuata analala.

Hapo ndipo mji ulipopata elimu yake kubwa, ile inayofundishwa chuoni mwaka wa kwanza na kurudiwa mwaka wa mwisho: hakuna Mdogo aliye mkubwa. Ushahidi upo wazi. Nenda kwenye tope, wakague wote waliopakwa chokaa, mmoja mmoja, uone kama utakuta mkubwa hata wa dawa. Hayupo. Wamekaguliwa na wasomi wa vizazi na vizazi. Hajawahi kuwapo.

Semeni aliisoma elimu hiyo. Alikuwa binti wa tope, mwembamba kama mwiko, akilazwa kwenye chekeche anapita kama maji ya mchele, hata nyaya hazimjui. Kwa wembamba huo akachukuliwa kupelekwa chuo, maana watu wa Juu walitaka mtu mmoja wa tope awasaidie kulisoma tope bila wao kuchafua viatu. Akasoma. Akafaulu. Akapangiwa kazi kwenye Nyumba ya Uchunguzi, chini ya Bwana Mshamu, Msimamizi wa Machekeche, mtu mwenye kokwa kubwa mpaka anatembea ameinama, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchekecha maji ya mikoko. Unachota ndoo, unamimina kwenye chekeche la kitambaa, kilichopita unakiweka chini ya hadubini, kilichobaki juu unakitupa. Kilichopita ndicho elimu. Kilichobaki juu ni majani, magamba ya kaa, takataka. Na katika kile kilichopita Semeni aliwaona bakteria, maelfu kwa maelfu, vidoadoa vya uhai visivyo na kokwa, seli moja moja, kila kimoja kifuko chembamba chenye vikorokoro vyake vyote vimeelea ovyo ndani. Aliambiwa awachore. Aliwachora. Aliambiwa achore hivi: duara, na ndani ya duara, fujo.

(Na je, kama fujo ni jina tu la mpangilio usioujua wewe? Aliwaza hivyo siku moja, akafuta.)

Kitu kimoja lazima ukijue kuhusu Semeni. Habari hazikai ndani yake. Akisikia jambo asubuhi, kabla maji hayajageuka ameshalifikisha kwa dada yake, akiwa njiani anacheka peke yake kama mwenda wazimu. Wenziwe chuoni walimtania kwamba yeye ndiye chekeche lenye matundu kuliko yote. Na mtu wa kupelekewa habari alikuwa mmoja tu duniani, Mwanamvua, dada yake, fundi wa kushona magunia, aliyekaa kwenye kibanda cha makuti pale mikoko inapoanza, na aliyekuwa anakua.

Nasema anakua, si ananenepa. Walikuwa wanakula sufuria moja, Mwanamvua akiacha nusu. Alikua kama chumba kinavyokua ukitoa vitu. Watu wa tope walikuwa wanakuja kukaa karibu naye na mambo yao, huyu mtoto wake kapita chekeche kwa shida, yule mume wake kawa makapi bamvua lililopita, wanasema, wanasema, wanaondoka wepesi, na Mwanamvua anabaki anashona, mpana kidogo kuliko jana. Ukimuuliza ameweka nini ndani yote hiyo, anasema hakuna kitu, mwanangu, pana nafasi tu. Kifua chake kikashinda mlango. Akawa anashonea nje. Na zamu yake ya chekeche ilikuwa bamvua linalokuja.

Wote walijua. Majirani walianza kumletea magunia ya mwisho mwisho, yale ya haraka.

Basi siku hiyo, au ilikuwa jana yake iliyorudi, Semeni alikuwa anachekecha, na mfagizi akapita akamnong'oneza jambo: kokwa la mke wa Bwana Mshamu limechipua. Katikati ya kikao cha Baraza, kwa lile joto, kokwa la parachichi shingoni mwa yule bibi limepasuka na kutoa kijani, kijani kabisa, jani na kila kitu, na wazee wote wakajifanya kutazama dari. Mwenzangu, Semeni angeweza kufanya nini? Aliacha chekeche juu ya beseni, makapi hajayatupa, akakimbia kwa dada yake. Walicheka mpaka Mwanamvua akashika mti, na mti ukacheka nao.

Aliporudi, maji yalikuwa yameshatoka na kuingia, na kwenye chekeche, juu, pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kutazama kwa sababu hakuna kitu cha kutazama, jani la mkoko lilikuwa limelala linaoza, na kwenye jani hilo kulikuwa na nyuzi nyeupe.

Zilionekana kwa macho. Hicho ndicho kilichomfanya aketi. Zilikuwa na urefu wa ukope, nyeupe kama tambi zilizosahaulika kwenye sahani. Aliunyanyua uzi mmoja kwa ncha ya jani, akauweka chini ya hadubini akitarajia kuona kuvu, au mzizi, au mnyama. Akatafuta kokwa. Hakuona. Akatafuta kuta, zile za kugawa seli na seli nyingine, maana kitu cha urefu ule lazima kiwe wengi walioshikana. Alitembea na lenzi kutoka mwanzo wa uzi mpaka mwisho, kama mtu anayetembea kwenye ukumbi mrefu akipapasa milango. Hakuna ukuta. Ilikuwa seli moja. Bakteria mmoja. Mmoja wa wale wadogo, wa wale wa duara na fujo, amelala pale mzima mzima, mkubwa kuliko ndugu zake kwa kiasi ambacho ukitaka kukifananisha itabidi umfikirie mtu aliyesimama na kichwa chake kiko mawinguni.

Na ndani hakukuwa na fujo. Katikati yote ya kile kiumbe palikuwa na maji. Nafasi. Uhai wenyewe ulijipanga pembeni, kwenye ukingo, karibu na ngozi, ili usiwepo uhai wowote uliokaa mbali na chakula. Pale pembeni kulikuwa na punje za salfa zinazometa, akiba ya kujilisha. Na katikati ya punje, vyumba. Vyumba vidogo kama mbegu za tikiti, kila kimoja na utando wake wa kukifunga, na ndani ya kila chumba kitabu kizima cha namna ya kuwa kile kiumbe. Si ukurasa. Kitabu kizima, kila chumba. Hakuna chumba kikuu. Hakuna chumba kinachovituma vingine.

Mkubwa. Bila kokwa. Kwa sababu hana kokwa.

Semeni alitazama mpaka akahisi yeye ndiye aliyelala chini ya lenzi na kitu kingine kinamtazama kwa upole. Akaona mabega ya dada yake. Akaona mlango uliomshinda. Halafu akaona lile ambalo hata leo ukilifikiria linakata maini: kwamba nyuzi hizi hazikuja leo. Zilikuwapo siku zote. Kila ndoo iliyochotwa na kila msomi aliyewahi kuishi ilikuwa nazo, na zilibaki juu, na zilitupwa, na msomi akainama kutafuta ukweli kwenye kilichopita.

Alikimbia tena. Safari hii hakucheka njiani.

Mwanamvua alisikiliza habari yote akiwa na sindano mkononi, mguu mmoja umeukanyaga mdomo wa gunia. Semeni alikuwa anaruka ruka kwenye tope. Alimwambia watawaonyesha watu wa Juu. Wakikubali kwamba mdogo anaweza kuwa mkubwa, chekeche halina kazi tena, litauzwa chuma chakavu, na wewe dada hutalala juu yake. Alimwomba sindano ile nyembamba, ya kushonea nguo za watoto, maana kule Nyumba ya Uchunguzi hawana kitu chembamba kiasi hicho, wana vitu vizito tu.

Mwanamvua akaichomoa kwenye kanga, lakini hakuiachia.

"Seme. Hivyo vidude vilikuwa vinaishi wapi?"

"Kwenye majani yaliyooza, dada. Siku zote."

"Na nani alikuwa anavisumbua?"

"Hakuna. Hakuna aliyekuwa anajua vipo."

"Basi umejijibu. Usipeleke," akasema, na akaiachia sindano. "Nenda, maana najua hata nikikuziba mdomo utapitishia masikioni. Ila hiyo sindano niipate. Ndiyo pekee iliyobaki na ncha."

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa mawe usio na dirisha, kwa sababu mwenye kokwa hahitaji kutazama nje. Semeni alipiga goti, akasema shikamooni, na kama kawaida watu wa tope hawaitikiwi marahaba, hewa tu inasogea. Lakini alipoweka uzi kwenye kioo cha maji na kuuonyesha, wazee walisogea. Walifurahi, nisiwasingizie. Waliupenda. Mmoja alisema unafanana na mvi yake. Walimsikiliza mpaka mwisho, na mke wa Bwana Mshamu, aliyefunika kifua chake kwa shuka siku hizo, alitikisa kichwa kwa huruma ambayo haikuwa na pa kwenda.

Bwana Mshamu akauliza swali moja, taratibu, kama mtu anayeuliza bei.

"Katikati yake pana nini, binti?"

"Maji, mheshimiwa. Nafasi."

"Anatawala nani?"

"Hakuna anayetawala. Kila chumba kina kitabu kizima."

Ukumbi ukapoa. Mikono ikaenda kwenye makokwa, yote kwa pamoja, kama watu waliosikia mwizi. Maana ukubwa wangeweza kuusamehe. Ukubwa ni jambo la kipimo, unabadilisha fimbo yako ya kupimia, yanaisha. Lakini kitu kiwe kikubwa, kiishi, kipendeze, na katikati yake hayupo mtu? Sasa wao wanakaa katikati ya nini, na kwa nini?

"Basi si kimoja," akasema Bwana Mshamu, na sauti yake ilikuwa imepona. "Ni umati uliopanga foleni. Wadogo wengi wameshikana. Kisicho na kokwa hakiwezi kuwa kimoja."

Wakashusha pumzi. Wengine wakaanza kutafuta viatu. Na hapo, jamani, hapo ndipo Semeni alipofanya kosa ambalo mtu aliyesoma tu ndiye anayeweza kulifanya: alidhani wanauliza. Alidhani wakithibitishiwa wataamini. Akasimama, akasema inaweza kujulikana. Kama ni umati, ukimchoma mmoja wa mwanzo, wa mwisho hana habari. Kama ni kimoja, ukikichoma popote, chote kitajua.

Wakamwambia, haya.

Akachukua sindano ya dada yake. Akaigusisha kwenye ncha ya uzi, kidogo, kama unavyogusa kope ya mtoto aliyelala. Maji ya katikati yakatoka. Uzi ukalegea kutoka pale alipogusa mpaka upande wa pili, mzima, kwa mara moja, na punje zote za salfa zikazimika kama nyumba iliyokatiwa umeme. Kilichobaki kwenye kioo kilikuwa ngozi.

"Mmeona," akasema Semeni, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyatuma. "Kilikuwa kimoja."

Wakampigia makofi. Kweli walimpigia. Halafu Bwana Mshamu akainama kwenye kioo na kusema, kilikuwa. Akauliza, sasa kiko wapi? Semeni akasema zipo nyingine kwenye beseni, zipo nyingi. Mtu akatumwa. Mtu akarudi. Beseni lilikuwa limeshaoshwa. Mfagizi alikuta makapi, akayatupa, kama inavyotakiwa.

Basi Baraza likatoa uamuzi wake, na waliutoa wakitabasamu, wakaupa jina la Kanuni ya Semeni, ili asiseme hawamheshimu. Kuanzia bamvua linalokuja hakuna atakayetupwa bila kuthibitishwa. Mtu wa tope asiyepita kwenye chekeche atachomwa. Akifa mwili wote, alikuwa mmoja, na atazikwa kama mkubwa, kwa heshima zote, hata kokwa la kuazima atawekewa. Asipokufa, si mmoja, ni umati, na umati hutawanywa. Wakamvisha Semeni kokwa dogo la parachichi, la rangi ya maziwa, bado bichi. Sindano wakaifuta, wakaiweka kwenye kisanduku cha mahameli, wakamrudishia. Maana wa kuchoma ni yeye. Ndiye mtaalamu.

Alishuka kwenye tope kwa njia ileile, na njia ilikuwa ndefu kama si yake. Kokwa lilimgonga kifuani kila hatua, tok, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Aliwaza. Nimewapa. Nimewapa namna. Walikuwa hawajui pa kushika, nikawaonyesha mpini. Dada alisema. Nani alikuwa anavisumbua. Hakuna. Hakuna. Mimi.

Mwanamvua alikuwa amekaa nje ya kibanda, amefunga vitu vyake kwenye gunia jipya, amevaa gauni la sikukuu. Alikuwa amejitengenezea tumaini kimya kimya, mtu yule aliyesema usipeleke.

"Haya, leta habari," akasema.

Na kwa mara ya kwanza tangu alipojua kusema, Semeni alikuwa na habari na hakutaka itoke. Aliibana. Ilimvimba mashavuni. Dada yake akamtazama shingoni, akaliona kokwa, akaliona na lile sanduku la mahameli, na akaelewa kabla ya neno. Ila alimwacha aseme, kwa sababu aliona hataweza kupumua asiposema. Semeni akasema yote, mpaka jina la kanuni.

Mwanamvua akanyoosha mkono.

"Lete sindano yangu."

"Dada, sitakuchoma. Nitakimbia. Nitaimeza."

"Nani kakwambia unichome? Nina mshono."

Akapitisha uzi, akalamba ncha, akamvuta mdogo wake kwa mkono akamkalisha ubavuni mwake, akaanza kushona. Alishona gauni lake kwenye gauni la Semeni, kutoka bega mpaka pindo, mshono wa gunia la mpunga, ule ambao hata panya anaukimbia. Alishona mikono kwa mikono. Alipofika shingoni akakata kamba ya lile kokwa kwa meno, akalitupia kaa. Semeni, ambaye maisha yake yote alipita matunduni bila kugusa waya, alikaa akihisi upana unamwingia.

"Watasema tuko wawili," akanong'ona.

"Na waseme. Watachoma mmoja, watasikia mwingine analia. Waache wahangaike na hesabu hiyo."

Bamvua likaja. Walilazwa kwenye Chekeche Kuu pamoja kwa kuwa hawakuweza kulazwa vingine. Wapiga-chekeche walitikisa, nyaya zikaimba, na hakuna kilichopita. Majirani walisimama kwenye tope na chokaa zao usoni, wanatazama chini. Bwana Mshamu akaja mwenyewe, ameinama kwa uzito, akauliza sindano iko wapi, akaambiwa iko kwenye mshono. Ikaletwa nyingine, nene, ya matanga. Akaichoma kwenye kidole cha Mwanamvua. Mwanamvua hata hakukunja uso. Aliyelia ni Semeni.

Akarudia. Akachoma kidole cha Semeni. Mwanamvua ndiye aliyevuta pumzi, taratibu, kama mtu aliyekumbushwa jambo la utotoni.

Basi pakawa na minong'ono. Wamejua wote, kwa hiyo ni mmoja. Lakini hawakufa, kwa hiyo ni umati. Lakini umati haulii kwa mdomo wa jirani. Mzee mmoja akasema kanuni haikuliona hili. Mwingine akasema muulizeni mwenye kanuni, na mwenye kanuni yuko juu ya chekeche, ameshonwa. Maji yalikuwa yanapanda, viatu vyao vilikuwa vya ngozi. Bwana Mshamu akatazama maji, akatazama viatu, akalishika kokwa lake.

"Kisichoeleweka ni makapi," akasema.

Chekeche likainamishwa.

Walianguka pamoja, na safari haikuwa ndefu. Hilo nalo halikufundishwa chuoni: Mkondo si shimo. Ni bonde lenye tope laini na majani yaliyooza, liko palepale chini ya lango, ila hakuna aliyewahi kuinama kulitazama. Semeni alifungua macho. Majani yote yalikuwa meupe. Nyuzi, nyuzi, nyuzi, ndefu kama kope, ndefu kama vidole, ndefu kama mishono iliyofumuliwa, zimesimama kwenye uozo zinapepea, na ndani yake salfa inameta, bonde zima, kama mji unaoonekana kutoka mbali. Na kati ya nyuzi walikuwa wamekaa watu. Wapana. Mume wa yule jirani. Bibi aliyetupwa kabla mama yao hajazaliwa. Wote waliobaki juu tangu chekeche lilipofumwa, wakubwa, wazima, wamekaa pembeni pembeni kwenye duara, na katikati wameacha wazi. Mmoja akasogea, akawapisha.

Ilikuwa habari kubwa kuliko habari zote ambazo Semeni aliwahi kuzibeba. Ilipanda kifuani, ikampita kooni, ikaung'oa hata ule mwiba. Akainuka na dada yake aliyeshonwa naye, akatazama juu, ambako nyaya za shaba zilikuwa zinasuguliwa kwa mchanga kwa ajili ya anayefuata, na ambako darasani, saa hiyohiyo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanaandika kwamba hakuna Mdogo aliye mkubwa, na wanapata alama zote. Akapaza sauti. Akawaita kwa majina, majirani wa tope, mfagizi, mke wa Bwana Mshamu na jani lake la kijani chini ya shuka.

Sauti ilikuwa kubwa. Ilifika kwenye chekeche, ikagonga nyaya, haikupita.